Mwezi wa Kuagiza

Mtu akisimama jioni, katika siku za kiza cha mwezi, juu ya mojawapo ya zile rasi tano ambazo mji wa Bukavu umezinyoosha ndani ya Ziwa Kivu mfano wa vidole vya mkono, ataona jambo ambalo wageni huliita uzuri na wenyeji huliita riziki: jua likiisha kuzama nyuma ya milima ya upande wa Kahuzi, taa moja huwaka juu ya maji, kisha ya pili, kisha nyingi mno, hata ziwa likawa kama anga iliyoanguka chini. Hizo ni taa za wavuvi wa samaki waitwao sambaza. Na arudi mtu huyo mahali pale pale usiku wa mwezi mpevu, atakuta maji yote yamekuwa rangi ya fedha na taa ni za kuhesabika, kwani wengi wa wavuvi wamekaa nyumbani wakishona nyavu. Nimeanza na taa hizi kwa sababu habari ninayotaka kuichambua, ya vioo vinavyokusudiwa kupelekwa juu ili viturudishie jua wakati wa usiku, imezungumzwa sana kwa hofu ya jua, ilhali hesabu yake, ikifanywa kwa utulivu, yaonyesha kwamba cha kuogopwa ni mwezi.

Fikira yenyewe si ya leo. Hermann Oberth, mmoja wa waasisi wa elimu ya roketi, aliiandika katika kitabu chake cha mwaka 1923, nayo ikakaa karatasini kwa miaka sabini, mpaka Warusi, wenye miji ya kaskazini ambayo majira ya baridi huinyima jua, walipoazimia kuijaribu. Kazi hiyo iliongozwa na mhandisi Vladimir Syromyatnikov, na namna ilivyotendeka yastahili kutazamwa kwa karibu. Tarehe 4 Februari 1993 chombo cha mizigo kiitwacho Progress M-15 kilijitenga na kituo cha anga cha Mir, kikaanza kujizungusha kama pia. Na kwa mzunguko huo utando mwembamba uliopakwa alumini, uliokuwa umekunjwa puani mwake katika vipande vinane, ukajikunjua wenyewe ukawa duara lenye kipenyo cha mita 20. Haukuwa na fremu wala mbavu za kuushika kama mwavuli. Kilichoukaza ni ile nguvu ambayo mtoto huijua azungushapo ndoo ya maji kwa mkono ulionyooka na maji yasimwagike. Doa la mwanga lenye upana wa kilomita 5 hivi, na mng'ao kadiri ya mwezi mpevu, likapita juu ya Ulaya kutoka kusini mwa Ufaransa hadi magharibi mwa Urusi kwa mwendo wa kilomita 8 kwa sekunde. Lakini mawingu yalikuwa yametanda sehemu kubwa ya bara lile, basi wengi waliopitiwa hawakuona kitu, na waliobahatika waliona kimeto cha kufumba na kufumbua. Februari 1999 walirudia kwa utando wa mita 25. Huo ulinasa katika antena ya chombo chenyewe, ukachanika, na shughuli ikaishia hapo.

Sasa wamezuka wengine. Kampuni moja ya California, Reflect Orbital, ilipeleka mwaka 2025 ombi mbele ya Tume ya Mawasiliano ya Marekani ili iruhusiwe kurusha setilaiti ya majaribio, Earendil-1, yenye kioo cha utando cha mita 18 kwa 18, katika njia iliyo kilomita 625 hivi juu ya ardhi. Na imetangaza azma ya kuvifikisha vioo hivyo 4,000 ifikapo mwaka 2030. Mwanga utakuwa bidhaa: auziwe mwenye shamba la paneli za umeme wa jua, auziwe mwenye kazi ya uokozi, uuziwe mji usio na taa. Wanafalaki wamelalamika, na wachunguzi wa wanyama nao. Wengine wahofia usalama wa marubani, wengine usingizi wa wagonjwa. Huku kwetu, habari ilipofika ikiwa imekwisha kunenepa njiani, husemwa kwamba usiku utafutwa, au kwamba tutachomwa.

Hilo la kuchomwa tulipime kwanza. Jua si nukta. Upana wake ni kama sehemu moja ya 107 ya umbali wake nasi, na kioo bapa, hata kisafishwe vipi, hakina uwezo wa kulikusanya likawa dogo kuliko lilivyo, bali hulirudisha likiwa limetanuka kwa kadiri ile ile. Kwa hiyo kioo kilicho umbali wa kilomita 625 kitatupa chini doa lisilopungua upana wa kilomita 6 hivi, hata kikiwa na ukubwa wa mkeka. Mwanga uliopokewa na mita za mraba 324 za utando utandazwe juu ya mita za mraba milioni 27 za ardhi: kila mmoja wetu atapata sehemu moja ya 80,000 ya jua la mchana. Mwezi mpevu hutupa sehemu moja ya 400,000. Basi kioo kimoja, kikiwa utosini na kikifanya kazi bila dosari, ni miezi mitano. Ukitoa kinachopotea hewani na kwa kuinama kwa kioo, ni mitatu au minne. Hapana wa kuungua kwa hiyo. Wala hapana paneli itakayotoa umeme wa maana, maana ili kupata walau humusi moja ya jua la adhuhuri itabidi vioo vya namna hii visivyopungua 16,000 vilenge mahali pamoja kwa wakati mmoja, na kila kimoja hukaa juu ya mahali hapo dakika chache tu kabla hakijatokomea upeoni. Kwa insafu, nasema biashara ya kuuza jua usiku, kwa vipimo hivi, haijapata miguu.

Hili la kufutwa kwa usiku lina jibu ambalo sisi wakazi wa karibu na ikweta tunalibeba bila kujua. Kioo hakina mwanga wake. Lazima kilione jua ndipo kitume kitu, na dunia ina kivuli. Bukavu iko nyuzi mbili na nusu kusini ya ikweta, na hapa jua halizami kwa kulala upande kama lizamavyo Ulaya, bali hutumbukia wima, nyuzi 15 kwa kila saa. Setilaiti iliyo kilomita 625 juu ya vichwa vyetu huendelea kuliona mpaka litakapokuwa nyuzi 24 hivi chini ya upeo, yaani, machweo yakiwa saa kumi na mbili, hadi kama saa mbili kasorobo usiku. Iliyoinama upande wa magharibi yaweza kuliona nusu saa zaidi au saa nzima, lakini hiyo iko mbali, na doa lake ni pana na hafifu. Baada ya saa tatu usiku mpaka saa tisa hakuna kioo cha kimo hicho, kiwe kimoja au viwe maelfu, kitakachoweza kuutupia mji huu mwanga wa kufaa, kwa sababu vyote vilivyo juu yake vimo gizani pamoja nasi. Warusi walifikiria nchi ambako jua hupita karibu sana chini ya upeo. Kwetu liko upande wa pili wa dunia. Na anayetaka kukwepa kivuli kwa kupanda juu zaidi, hadi kimo cha zile setilaiti za televisheni zinazosimama mahali pamoja, doa lake litakuwa na upana wa kilomita 334, pana kuliko Rwanda nzima, na mwanga wake usioonekana.

Zimebaki basi saa mbili tatu za jioni na nyingine kama hizo za alfajiri. Mtu aweza kusema ni neno dogo, nami ningekubali kama saa hizo zisingekuwa na wenyewe. Hizo ndizo saa ambazo Mwislamu hungojea shafaki iondoke ili ajue Isha imeingia, na popo hutoka, na, ndani ya ziwa letu, sambaza hupanda.

Samaki huyu si mwenyeji wa Kivu. Aliletwa kutoka Tanganyika mwaka 1959, akaikuta sehemu ya juu ya maji haina wa kushindana naye, akaijaza. Mchana hushuka chini, ingawa hawezi kwenda mbali, kwani chini zaidi maji ya Kivu hayana oksijeni, yana gesi. Jioni, mwanga unapofifia, hupanda akifuata vidudu anavyokula. Mvuvi hulijua hilo kuliko kitabu. Huunganisha mitumbwi mitatu kwa miti mirefu, hushusha wavu katikati, huwasha taa, hungoja. Sambaza huja kwenye taa kwa kuwa ndiyo nuru pekee iliyopo, hukusanyika kama wadudu barazani, na wavu huinuliwa taratibu, watu wakivuta kwa wimbo, mpaka katika maji meusi itoke sahani ya fedha inayotetema. Mwezi ukiwa mpevu, nuru imeenea kila mahali. Taa imekuwa mnong'ono katikati ya soko, samaki wametawanyika, mafuta yanateketea bure. Mwezi mmoja wa haki unatosha kumrudisha mvuvi nyumbani, sembuse mitatu au minne.

Nilimweleza haya mzee mmoja mvuvi, nikamtolea na hesabu zote, akanisikiliza kwa adabu, kisha akauliza: "Na huo mwezi wao, mwanangu, una siku zake?" Sijasoma pingamizi la mtaalamu lililonipata barabara kama swali hilo. Mwezi wa Mungu hupunguza kitoweo kwa siku zinazojulikana, na watu wamezipanga karo, madeni na arusi kuzizunguka. Mwezi wa kuagizwa huja siku aliyolipa mteja.

Na mteja huyo aweza kuwa nani? Doa la kilomita 6 likilengwa katikati ya Bukavu litazifunika rasi zote, litavuka mto Ruzizi wa mpakani bila kuonyesha hati, na kumulika sehemu ya ng'ambo ya Rwanda. Au mtu wa ng'ambo alipie lake, likatumulika sisi. Mkataba wa Anga wa mwaka 1967 waifanya kila dola iwajibike kwa yale ambayo raia na makampuni yake hufanya huko juu, na waiagiza ijali maslahi ya wengine. Lakini mlango uliobishwa na ombi hili ni wa tume ya masafa ya redio, na redio haimtawanyi sambaza. Siwalaumu wakazi wa mitaa yetu ya Kadutu na Bagira wanaoutamani mwanga wowote, maana umeme wa Ruzizi, mto utokao hapa hapa miguuni petu, hukatika na kuwaacha wakipapasa ukuta. Ila dakika nne za miezi mitatu, zinazozuiliwa na wingu lolote kuanzia Septemba hadi Mei, si taa ya mtaa. Mlingoti mmoja wenye paneli ndogo na betri hushinda hizo.

Kwa hiyo namwomba yeyote mwenye daftari la mavuno ya sambaza, awe Bukavu, awe Kamembe au Idjwi, mwenye mitumbwi au mama anayenunua ufukoni alfajiri kwa ndoo, aandike mbele ya kila usiku umri wa mwezi na kiasi kilichopatikana, na asilitupe daftari hilo likijaa. Ni ushahidi ambao California hawana, na siku ya kuuliza ikifika utahitajika ukiwa umeandikwa.