CCNA: mtihani usioruhusu kurudi nyuma

Tangu shule ya msingi tumefundishwa: anza na maswali mepesi, magumu utayarudia. Kijana wa Rahaleo hapa Mtwara akiingia na mbinu hiyo kwenye CCNA 200-301 ya Cisco, imekula kwake. Dakika ni 120, na ukishabonyeza kwenda swali linalofuata, huwezi kurudi.

Hapo ndipo ninapoukosoa. Fundi wa mtandao kazini anarudi nyuma kila siku: anapima, anakagua, anarekebisha. Mtihani unamnyima nafasi hiyo, tena kwa Kiingereza au Kijapani tu, kwa ada ya dola 300 za Marekani. Matokeo yake, sehemu ya alama inapima kasi ya kusoma, siyo ujuzi.

Ila sheria haitabadilika kabla hujaingia chumbani. Basi jipime nayo nyumbani: tega saa, usirudi nyuma. Kugawa mtandao kukae kichwani: /26 inaishia na 192, 256 toa 192 ni anwani 64, za vifaa 62. Swali likikugomea dakika mbili, chagua jibu, songa mbele. Ukiling'ang'ania, unayalipa maswali unayoyajua.