Mpini wa Mukula

Wembe wa zamani mara nyingi huuawa na mpini wake, si na ndevu. Nyembe nyingi za kukunja zilizotoka Solingen, Ujerumani, karne iliyopita zilivikwa mipini ya seluloidi inayong'aa kama pembe. Seluloidi ikizeeka huoza na kutoa hewa yenye asidi. Hewa hiyo ikikutana na unyevu, chuma kilichokunjwa ndani huliwa kimyakimya. Na hapa Bukama, mji wa Katanga nchini Kongo, penye mto Lualaba mlangoni na maziwa ya Upemba na Kisale huko chini yake, unyevu hautafutwi.

Kwa hiyo mpini unavuliwa. Vichwa vya ribiti vinapigwa tupa hadi viishe, kisha ribiti zinasukumwa nje. Kutu ya juu inaondoka kwa msasa wa maji, namba 400 kwanza, polepole hadi 2000. Mashine ya kung'arisha siitaki karibu: chuma chembamba hushika moto upesi, na rangi ya buluu ikishajitokeza ukingoni, ugumu umekwisha na hakuna kinoo kitakachourudisha. Madoa meusi yaliyochimba ndani yaachwe, mradi hayajafika kwenye makali. Mhuri wa kiwanda usiguswe. Wapo wanaousugua mpaka unafutika ili wembe uonekane mpya; sijui wanamdanganya nani.

Uhuru wa fundi uko kwenye mti. Mimi huchagua mukula, ule ule ambao malori yamebeba magogo yake kutoka Katanga hadi yakafika China. Kwa mpini, kipande kilichotupwa na seremala kinatosha. Mbao mbili za milimita 3 hivi zinagandishwa kwa gundi hafifu, zinachongwa na kutobolewa kama kitu kimoja, ndipo zinaachanishwa. Mkiani huingia kabari ndogo. Ikizidi upande mmoja, hata kwa unene wa karatasi, wembe ukifungwa hugusa ubao na makali yanakwenda. Kabari hiyo humla fundi saa nyingi kuliko chuma chote. Halafu ribiti mpya za waya wa shaba ya njano, na nyundo ndogo inayodonoa tu, maana pigo moja la hasira hupasua ubao.

Waluba, watu wa huku, hawakuuona mpini kuwa kitu cha pili. Shoka za heshima za watawala wao zina chuma chenye nakshi na mpini uliochongwa kichwa cha mwanamke, na mtazamaji hajui aanzie wapi. Huko Sanga, kando ya Kisale, makaburi yaliyochimbuliwa 1957 na 1958 yalitoa vyuma na shaba vya karne nyingi kabla reli haijafika Bukama mwaka 1918. Gillette alipopewa hataza ya wembe wake Marekani mwaka 1904, alileta dawa nyingine: ukibutuka, tupa.

Kunoa nako kuna akili ya aliyeufua wembe. Mgongo na makali vinalazwa pamoja juu ya kinoo, na mgongo ndio unaoshika pembe. Mkono wako unafuata tu. Kwenye ukanda wa ngozi mgongo hutangulia, ama sivyo utaukata ukanda wenyewe.

Mpini haupakwi mawese, ingawa yako kila jiko: hayakauki, yanashika vumbi. Nta ya nyuki kidogo, kitambaa kikavu, na mkono usiokuwa na haraka.