Mwanzo wa Ngoma ni Lele

Wakili aliyenifunza kazi mjini Kitui alikuwa na mazoea yaliyonichosha: mteja akiingia, yeye hufunika kalamu. Siku moja alikuja mama kutoka upande wa Mutomo, ana kesi ya mpaka. Nikafungua daftari. Mzee akaniashiria nilifunge. "Mwaitu," akamwuliza, "mwaka huo mvua ilinyesha?"

Mama akaanza na mvua. Kutoka kwenye mvua akaingia kwenye mbaazi, kutoka kwenye mbaazi akafika kwa ng'ombe wa jirani, na baada ya saa nzima ndipo ilipochomoza mikonge: safu aliyoipanda baba mkwe wake, jirani akaing'oa, akasahau vishina viwili. Wiki iliyofuata tulipanda matatu, tukatembea juani, tukavikuta. Mzee aliinama, akakipapasa kimoja kama kovu. Ndipo akafunua kalamu.

Kesi hiyo haikusikilizwa kamwe. Jirani alipoona picha na taarifa za mashahidi, aliwatuma wazee, mambo yakaishia chini ya mti.

Kanuni za kesi za madai za 2010 zinamtaka mdai aambatishe taarifa za mashahidi zilizotiwa sahihi tangu anapofungua kesi. Ni kanuni njema. Watu wasiviziane kortini. Lakini taarifa huandikwa kwa Kiingereza, na anayeitia kidole gumba huenda anajua Kikamba tu. Katikati hapo ndipo ufundi unapokaa: kumsomea mwenye maneno kwa lugha yake, polepole, mpaka akiri kuwa ni yake.

Juzi, upande wa Makueni, nilimwona mkongwe akisomewa taarifa "yake" kizimbani. Akakunja uso: "Hayo nani aliyasema?" Yalikuwa yamenakiliwa kutoka jalada jingine, hata mto uliotajwa haukuwa wa kwao.

Tangu Machi 2024 majalada yanawasilishwa kwa mtandao nchini kote. Siilaumu mashine, haijamkataza mtu kuuliza habari za mvua. Ila vijana wetu hupewa miezi sita tu ya uanagenzi, na wengi huimaliza wakibeba faili na kuomba tarehe. Nani atawaonyesha kishina cha mkonge?

Mzee alishatangulia. Ofisi yake sasa ni duka la simu. Na jana mteja aliingia kwangu; nilikuwa nimeshaandika mistari mitatu nilipokumbuka kwamba kalamu sikuifunika.