Utulivu si Mwarobaini

Tafuta muziki wa kutuliza akili mtandaoni. Utapewa masaa nane ya sauti moja ndefu, picha ya mlima na ahadi kibao: utalala, utasoma, utapona. Mwarobaini wa masikio.

Sina ugomvi na hizo sauti. Nina ugomvi na kazi tunazozipa.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 Brian Eno alitoa Music for Airports. Alichukua vipande vya kanda vyenye urefu tofauti, akaviacha vizunguke na kukutana kila mara kwa njia mpya. Alitaka muziki ambao ukiusikiliza kwa makini ni sawa, na ukiupuuza pia ni sawa. Leo huo uhuru umegeuzwa nyenzo ya ofisi: tulia, ili ufanye kazi zaidi.

Ndiyo maana naipenda Peel, albamu ya KMRU ya 2020. KMRU ni Joseph Kamaru, kijana wa Nairobi aliyerithi jina la babu yake, yule msanii wa Kikuyu aliyeimba siasa hadi wakubwa wakakasirika. Mjukuu ameyatoa maneno yote. Kuna watakaosema amekimbia vita. Mimi sioni hivyo.

Wimbo wa mwisho, uliobeba jina la albamu, una zaidi ya dakika 20. Hakuna ngoma, hakuna kiitikio. Sauti inalala juu ya sauti, polepole, na kabla hujashtuka chumba kimejaa. Mimi huandika makala za watu, za kulipwa kwa neno, na kila nikiuweka huu wimbo kazi inasimama. Ati muziki wa umakini! Huu unauchukua umakini wenyewe, haukuazimi. Ukiisha, unasikia friji, televisheni ya jirani, makanga akiita abiria huko chini. Vyote vilikuwepo. Wewe ndiye hukuwepo.

Lawama yangu ni moja. KMRU anajulikana kwa kurekodi sauti za mahali, lakini hapa ameziyeyusha mno. Ningependa honi moja ibaki honi, nijue niko wapi. Ukungu ukizidi, albamu inakaribia zile video za mlima.

Karibu tu, lakini haifiki huko, kwa sababu haituahidi kitu. Niliacha chuo kwa kukosa karo, na usiku wa siku zile nilisikiliza mawimbi, mvua, kengele, kila kitu. Nilipata usingizi, sawa. Asubuhi deni lilikuwa palepale. Mtu anayekoseshwa usingizi na kodi ya nyumba hana kasoro kichwani ya kutibiwa kwa sauti. Ana kodi ya kulipa, na ana haki ya kukasirika.

Kwa hivyo weka Peel ukiwa huna cha kumaliza. Funga laptopu, kaa nayo mpaka mwisho. Ikikutuliza, poa. Ikikusumbua, usiizime haraka. Pengine kuna jambo lilikuwa linangoja unyamaze.