Mzimu Hauna Kisu: juu ya hadithi za Bwana Muhammed Said Abdulla

Wasemineri wanatuuliza mara nyingi: Je, mkristu anaweza kusoma pasipo zambi hadithi za mizimu, za walozi na za mauaji ya usiku? Wengine wanavificha vitabu hivyo chini ya godoro, kama vile vingekuwa chupa za pombe. Hatupendi kuwajibu kwa neno moja tu. Shoka ni moja: huyu analipasulia mama yake kuni, yule analiinua juu ya ndugu yake. Basi tutwae kitabu kimoja, tukichunguze, kisha tuamue.

Kitabu chenyewe ni Mzimu wa Watu wa Kale. Mtungaji wake, Bwana Muhammed Said Abdulla wa Unguja, alizaliwa mwaka 1918, akafariki mwaka 1991. Alikuwa mkaguzi katika idara ya afya miaka kumi, ndipo akashika kazi ya magazeti. Toka mwaka 1958 alikuwa mhariri wa Mkulima, gazeti la walimaji wa Tanganyika. Hadithi yake ilipata zawadi ya kwanza katika mashindano ya 1957-58 ya East African Literature Bureau, ikachapwa kuwa kitabu mwaka 1960. Vikafuata vingine, kama Kisima cha Giningi mwaka 1968, na Duniani Kuna Watu mwaka 1973. Giningi, katika masimulizi ya Unguja, ni makao ya wachawi. Tunaona basi ya kama mtungaji huyu alipenda kuingia pale ambapo watu wanaogopa kuingia.

Habari ni hii. Tajiri mmoja, Bwana Ali, anakutwa amekufa kwenye mzimu wa watu wa kale, na kichwa chake kimekatwa. Hapa msomaji wa Butembo ao wa Beni asikosee neno. Kwetu muzimu ni roho ya mtu aliyekufa. Kule Unguja ni pia pahali penyewe panapoheshimiwa, ambapo watu wanapeleka ubani na kuomba. Basi woga unaenea: je, watu wa kale wamekasirika? Polisi wanahangaika. Ndipo anakuja Bwana Msa na kiko chake kinywani. Yeye haogopi pahali pale. Anauliza, ananyamaza, anatazama, anauliza tena. Mwishoni anaonyesha ya kama mzimu haukuua mtu. Aliyeua ni binadamu, mwenye sababu ya kibinadamu. Jina lake hatulitaji, kusudi tusimwibie msomaji furaha yake.

Hadithi za namna hii zina wazazi wao Ulaya. Mwaka 1764 Mwingereza Horace Walpole alitoa The Castle of Otranto. Mwaka 1794 Bibi Ann Radcliffe alitoa The Mysteries of Udolpho. Mwaka 1796 Matthew Lewis alitoa The Monk. Ndani yake mna ngome za zamani, milango ya siri, wasichana waliofungiwa, na mara nyingi mtawa mwovu, kwa maana Waingereza wa wakati ule hawakuwaamini wamonaki wetu. Lakini Radcliffe na Lewis waliachana njia. Kwa Lewis, shetani mwenyewe anatokea. Kwa Radcliffe, kila kitu kilichotuogofya usiku kinapata maelezo yake asubuhi. Bwana Abdulla ni wa ukoo wa Radcliffe; kisha alijifunza pia kwa Conan Doyle, baba wa Sherlock Holmes.

Sasa tuseme neno ambalo tumeliandikia ukurasa huu. Katika kitabu hiki mzimu ni nguo ya mwuaji. Yeye anajua ya kama watu wataogopa, na wakiogopa hawatauliza. Na pasipo swali, mikono yake itabaki safi mbele ya macho ya watu. Woga wa watu wema unamfichia mtu mbaya kisu chake.

Wandugu, jambo hili si la Unguja tu. Toka mwezi wa Oktoba 2014 watu wetu wa upande wa Beni wanachinjwa usiku, mashambani na vijijini. Kila mara tunasikia maneno mengi juu ya dawa za kutoonekana na juu ya watu wanaogeuka upepo. Mwenye kusadiki hayo hawezi tena kuuliza: Walipita njia gani? Nani aliwapa silaha na chakula? Nani anapata faida mashamba yakibaki bila watu? Tena tukumbuke ugonjwa wa Ebola, uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kuisha tarehe 25 Juni 2020. Zaidi ya watu 2200 walikufa. Wengine walisema ni ulozi, wengine walisema ni biashara. Nyumba za kutunzia wagonjwa zilishambuliwa, hata Katwa na Butembo. Na wakati maneno yalipokuwa yakitembea, ugonjwa nao ulitembea.

Tena kuna mama mzee. Kila katekista anamjua. Mtoto amekufa mlimani kwa homa, kabla ya kufikishwa kwa muganga. Jioni watu wanakutana. Mtu mmoja anataja jina la mjane anayekaa peke yake pembeni ya kijiji. Asubuhi nyumba yake imechomwa. Tumekwisha kuzika mmoja wa hao. Wote waliokuja kumzika hawakujaza benchi mbili. Siku ile tulitamani kuwa na Bwana Msa mmoja katika kila kapela.

Tusizani ya kama kuuliza namna hii ni ukosefu wa imani. Maandiko Matakatifu yanatupa mfano katika kitabu cha Danieli, sura ya 13 na ya 14. Wazee wawili walimsingizia Suzana. Danieli akawatenga, akauliza kila mmoja ni chini ya mti gani, na miti ikawa miwili. Makuhani wa Beli walisema mungu wao anakula chakula usiku. Danieli akatawanya majivu hekaluni, na asubuhi nyayo za wanaume, wanawake na watoto zikaonekana. Nabii alisali, lakini pia alitumia majivu.

Hata hivyo tuna mashaka mawili juu ya mtungaji wetu.

La kwanza: Bwana Msa anaelekea kuona ya kama nje ya akili hakuna kitu ila ujinga. Sisi hatuwezi kumfuata mpaka pale. Tunasadiki ya kama shetani yuko, na tunawaombea marehemu wetu, kwa maana wanaishi mbele ya Mungu. Lakini tunasadiki vilevile ya kama shetani anapenda zaidi kutumia ulimi wa jirani kuliko pembe za usiku.

La pili ni zito zaidi. Bwana Msa anafumbua kitendawili, lakini hamfariji mtu. Mwenye kuogopa, kwake, ni mtu wa kuchekwa. Maiti ya Bwana Ali ni swali la kujibiwa kuliko ndugu wa kuliliwa. Na mtu akichekwa haachi woga wake. Anauficha tu, kisha anaupeleka kwa mfumu, wakati padri amelala.

Tumtazame Bwana wetu. Mitume walipomwona akitembea juu ya ziwa, walilia kwa hofu wakizani ni kivuli cha mfu. Baada ya kufufuka, walizani tena vilevile. Hakuwacheka. Aliwaonyesha mikono na miguu, akaomba chakula, akala kipande cha samaki mbele yao. Aliwapa ushuhuda wa kushika na mkono, kama Bwana Msa. Lakini yeye alikaa nao mezani. Hicho ndicho kinachokosekana katika kitabu cha Unguja.

Basi jibu letu kwa wasemineri ni hili. Msome kitabu hiki, tena mkitoe chini ya godoro, mkisome mezani. Kiswahili chake ni kizuri, na kitawafundisha kutomkubali mtu anayesema «ni mizimu» mbele ya damu ya mtu. Nanyi makatekista, mkiitwa kwenye kilio ambapo jina la mlozi limeanza kutajwa, fanyeni mambo mawili kwa utaratibu wake. Kwanza mkae chini na wenye kilio, mlie nao, msali nao. Kisha mwulize polepole: Mtoto aliugua siku ngapi? Alipewa dawa gani? Nani alitaja jina hili kwanza, na shamba la mjane linapakana na la nani?

Mwenye kuuliza tu bila kulia atafukuzwa. Mwenye kulia tu bila kuuliza atarudi kesho kuzika mama mzee.