Fanon katika Hotuba za Wanafunzi wa Meru na Embu

Mwanafunzi wa Meru au Embu anayejiandaa kutoa hotuba juu ya ukombozi wa Mwafrika ana hazina kubwa ya kuchota: Nkrumah, Padmore, Rodney, Malcolm X, na zaidi ya wote Frantz Fanon, daktari mzaliwa wa Martinique aliyefariki mwaka 1961, mwaka uleule kitabu chake kikuu kilipotoka. Kitabu hicho kina tafsiri ya Kiswahili, *Viumbe Waliolaaniwa*, iliyofanywa na Gabriel Ruhumbika na Clement Maganga na kutolewa na Tanzania Publishing House, Dar es Salaam, katika miaka ya 1970. Kuwapo kwake ni jambo la kushukuriwa. Hata hivyo hotuba si kitabu, na neno lililokaa vyema ukurasani laweza kumgeuka msemaji mbele ya hadhira.

Jina lenyewe ni mfano. Fanon alilitoa katika maneno ya mwanzo ya Internationale, wimbo wa wafanyakazi. Waliolaaniwa katika wimbo huo wanaitwa wainuke; laana yao ni dhuluma waliyotendewa. Kwa Wameru na Waembu laana haiko hivyo. Hutolewa na mzazi au mzee mwenye haki ya kulaani, nayo humpata aliyekosa. Basi mwanafunzi anayewaita wasikilizaji wake viumbe waliolaaniwa amekwisha kumpa mkoloni cheo cha mzazi, bila kukusudia, na amewatia hatiani watu aliokuja kuwatetea. Tafsiri ya Kiingereza ya Constance Farrington ilikwepa tatizo hili kwa neno la kuwahurumia wanyonge, ikapoteza hasira ya Fanon. Ya Kiswahili imepoteza kitu kingine: neno la Kifaransa *terre*, ambalo ni dunia na pia ni ardhi, limeachwa kabisa. Katika wilaya ambazo watu wake walihamishwa na kukusanywa katika vijiji vya lazima wakati wa Hali ya Hatari, ardhi ndilo neno ambalo hotuba ya namna hii haiwezi kulikosa.

Liko jambo zito zaidi. Katika sura ya kwanza, juu ya matumizi ya nguvu, Fanon anawataja Mau Mau: anasema kwamba kila mwanachama alitakiwa kumpiga mhanga, ili wote washiriki dhamana ya kifo chake. Analisema kama jambo linalojulikana, kwa maneno machache, kutoka mbali Afrika ya Kaskazini. Msomaji wa Paris ataipita sentensi hiyo. Embu haipitiki. Wako ambao jamaa zao walikula kiapo, na wako ambao jamaa zao walikuwa walinzi upande wa serikali, mara nyingine katika ukoo mmoja. Uwanda wa Mwea, uliokuwa zamani hizo sehemu ya wilaya ya Embu, ulikuwa na makambi ambamo mahabusu walichimba mifereji ya mashamba ya mpunga. Anayeirudia sentensi ile kama pambo anatoa ushahidi, asiokuwa nao, juu ya nyumba za majirani. Hapa Fanon alistahili kuhojiwa, na wa kumhoji yupo karibu: J. M. Kariuki, ambaye kumbukumbu zake zilitafsiriwa kwa jina *Mau Mau Kizuizini*, anaeleza kiapo kama mtu aliyekila.

Fanon anayeifaa zaidi Meru yumo katika sura ya tatu, juu ya tabaka linaloshika serikali baada ya uhuru. Ni sura ndefu, isiyo na kishindo, na haikariri kirahisi. Lakini Musa Mwariama alitoka msituni Desemba 1963, akapigwa picha akisalimiana na Kenyatta. Mwenzake Baimungi, aliyeendelea kuidai ardhi, aliuawa Januari 1965 na majeshi ya Kenya huru. Mwanafunzi akiisoma sura hiyo kando ya kifo hicho, atakuwa na hotuba ambayo hata mzee asiyepata kulisikia jina la Fanon ataifuata neno kwa neno, na pengine ataipinga.