Lafudhi, Utani na Jukwaa: Mchekeshaji wa Garissa Mbele ya Urithi wa Mzee Ojwang'

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezoea kuutazama uchekeshaji kama utanzu wa pembeni. Tamthilia iliyochapishwa huchambuliwa dhamira na fani yake. Kichekesho cha redioni, cha televisheni au cha jukwaani huachiwa wandishi wa magazeti. Mazoea haya yana hasara, hasa kwa mwanaisimu, kwani katika vichekesho vya Kenya lafudhi si pambo la usemi bali ndiyo fani yenyewe. Makala haya yanakusudia kuchunguza suala moja: mchekeshaji atokaye Garissa, Wajir au Mandera anaporithi jukwaa lililojengwa juu ya lafudhi, anarithi nini hasa, na anabebeshwa mzigo gani ambao watangulizi wake hawakuubeba?

Yafaa kuanza na mtangulizi mkubwa kuliko wote. Benson Wanjau, aliyefariki tarehe 12 Julai 2015 katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, alijulikana na Wakenya kwa jina la Mzee Ojwang'. Kwa miongo kadhaa aliigiza katika michezo ya shirika la utangazaji la taifa, lililoitwa Sauti ya Kenya hadi lilipobadilishwa jina mwaka 1989. Mchezo uliompa umaarufu wa kudumu ni Vitimbi, ambamo Mary Khavere aliigiza Mama Kayai, mkewe. Mhusika Ojwang' alikuwa mzee wa Kijaluo: jina la Kijaluo, Kiswahili cha mkaribio wa Kijaluo, majivuno na hasira za baba mwenye nyumba. Mwigizaji mwenyewe alikuwa Mkikuyu. Si watazamaji wachache walioshangaa walipolijua hilo, na mshangao wao ndio ushahidi bora wa ustadi wake. Wanjau hakuiga makosa ya Wajaluo. Aliyasikiliza mahadhi yao, mahali wanapopandisha sauti na mahali wanapovuta neno, akayapa mwili wa mtu mmoja mwenye tabia na utu wake.

Kwa nini Wajaluo hawakuchukizwa na Mkikuyu aliyewaigiza miaka yote ile, katika nchi ambayo siasa zake ziliwagonganisha watu wa makabila hayo mara kwa mara? Sehemu ya jibu ni heshima ya uigizaji wenyewe. Sehemu kubwa zaidi ni muundo wa michezo ya wakati ule. Katika Vitimbi, na pia katika Vioja Mahakamani, hapakuwa na mhusika aliyekisema Kiswahili kwa usafi wa kuwahukumu wengine. Kila aliyeingia aliingia na ulimi wa kwao: huyu Makokha, yule Masanduku arap Simiti, yule Otoyo. Hata mahakamani, mahali pa sheria na lugha rasmi, kicheko kiligawanywa. Mfumo wa elimu wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima na la kutahiniwa. Michezo hii ilikuwa kama jibu la wananchi, kwamba Kiswahili sanifu kilikuwa mgeni katika nyumba zote na si katika nyumba ya mtu mmoja tu. Aliyecheka leo alijua kwamba kesho atachekwa.

Sifa hiyo ina jina katika jamii za Afrika Mashariki. Ni utani. Utani si matusi, wala si mzaha wa kila mtu kwa kila mtu. Ni uhusiano wenye kanuni, na kanuni ya kwanza ni kurudishiana: anayetania hana budi kutaniwa. Ya pili ni wajibu. Mtani ana haki ya kufanya mzaha hata matangani kwa sababu ndiye pia anayepaswa kusaidia kuzika. Wahehe na Wangoni, walio watani mashuhuri wa Tanzania, walipigana vita vikali katika karne ya 19. Utani wao haukuzaliwa kabla ya uadui, bali baada yake, kama njia ya kuishi pamoja na kumbukumbu ya damu iliyomwagika. Pasipo marudio na pasipo wajibu, kinachobaki si utani, ni dhihaka.

Kipimo hiki kikipelekwa Kaskazini Mashariki mwa Kenya, kasoro huonekana mara moja. Eneo hilo lilitengwa kisheria tangu zama za ukoloni, kwa amri za mwaka 1902 na 1934 zilizozuia watu kuingia na kutoka bila kibali. Mwishoni mwa Desemba 1963, wiki chache baada ya Uhuru, lilitangaziwa hali ya hatari, na vita vilivyoitwa vya shifta viliendelea hadi mwaka 1967. Mapatano yalifanyika, lakini sheria za dharura hazikufutwa hadi mwaka 1991. Katikati yake yalitokea mauaji ya Garissa mwaka 1980 na yale ya uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir, Februari 1984, ambayo yote mawili yalichunguzwa katika ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyotolewa mwaka 2013. Mwaka 1989 Wakenya wenye asili ya Kisomali walichujwa na kuandikishwa upya, kana kwamba vitambulisho walivyokuwa navyo havikutosha. Tarehe 2 Aprili 2015 magaidi wa Al-Shabaab waliua watu 148 katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa, aghalabu wanafunzi waliotoka sehemu nyingine za nchi. Pande zote mbili basi zina makaburi. Lakini baada ya vita hivi hapakufanywa utani. Watu wa bara na watu wa Garissa hawakupewa mila ya kutaniana, wala wajibu wa kuzikana.

Ndiyo maana lafudhi ya Msomali jukwaani si sawa na lafudhi ya Ojwang'. Kwa upande wa isimu, sababu za lafudhi hiyo ni wazi. Kisomali hakina sauti za /p/, /v/ wala /z/. Kwa hiyo pesa huwa besa, vitabu huwa fitabu, na zote huwa sote. Mfumo wake wa nomino ni wa jinsia mbili, ya kiume na ya kike, hivi kwamba ngeli za Kibantu humpa msemaji taabu ya upatanisho. Haya ndiyo yanayochekwa. Kisichotajwa ni upande wa pili. Kisomali kimehifadhi sauti za kooni ambazo Kiswahili kilizipoteza kilipokopa maneno ya Kiarabu. Neno la Kisomali la hesabu ni xisaab, na herufi x katika tahajia iliyoidhinishwa mwaka 1972 ndiyo h nzito ya kooni. Neno la wakati ni waqti, lenye q iliyo wazi. Msomali anapolitamka neno la Kiswahili lenye asili hiyo kwa uzito wa koo, hakosei. Anarudisha sauti iliyokuwapo. Zaidi ya hayo, Kiswahili si kitu kilichopelekwa Garissa na gari la serikali. Mji wenyewe umo ukingoni mwa Mto Tana, ambako Wamalakote na Wapokomo husema lugha za Kibantu zilizo jirani za Kiswahili. Na kaskazini zaidi, huko Barawa nchini Somalia, Chimwiini ni tawi la Kiswahili lenye fasihi yake. Tena, si watu wote wa eneo hilo wenye ulimi mmoja: baadhi ya Wagarre wa Mandera na Waajuran wa Wajir husema Kiborana. Barakoa moja ya "Msomali wa duka" huwafunika wote hawa.

Lakini tofauti kubwa haimo katika sauti. Imo katika matumizi ya sauti nje ya ukumbi. Wanjau alipomaliza kuigiza alivua lafudhi kama avuavyo kofia, akarudi nyumbani na ulimi wake. Mchekeshaji wa Garissa hawezi kuivua. Konsonanti zilezile zilizowachekesha watu ukumbini huweza kumtoa garini kwenye kizuizi cha barabara ya Garissa, au kumfanya aulizwe kipande mtaani Eastleigh. Wakati wa operesheni ya Usalama Watch, Aprili 2014, maelfu walikamatwa Nairobi na wengi wakazuiliwa katika uwanja wa Kasarani. Hapo lafudhi haikuwa fani. Ilikuwa ushahidi.

Utanzu nao umebadilika, na mabadiliko hayo yameuzidisha mzigo huu. Uchekeshaji wa mtu mmoja jukwaani ulipata nguvu Kenya kutokana na Redykyulass, kundi la Walter Mong'are, John Kiarie na Tony Njuguna lililowaiga wanasiasa mwishoni mwa miaka ya 1990, kisha ukaenea kwa kipindi cha Churchill cha Daniel Ndambuki kwenye televisheni ya NTV. Katika mchezo kama Vitimbi, lafudhi ni mali ya mhusika. Katika uchekeshaji wa mtu mmoja, msanii husema "mimi", na hadhira humwamini. Hana Mama Kayai wa kumjibu. Asiporudisha yeye mwenyewe mzaha kwa waliomcheka, hakuna atakayeurudisha.

Hapa wachekeshaji wa Kaskazini Mashariki hukutana na njia panda. Njia moja ni ya ngamia, miraa na bomu. Msanii hujitangaza kwa lafudhi nzito kuliko aliyo nayo, huwaambia watu wa mstari wa mbele wasiogope, hajabeba kitu, nao hucheka kwa nafuu. Mzaha huu hulipa upesi. Kwa kipimo cha uhakiki ni dhaifu, kwani hauichokozi hofu ya hadhira. Huithibitisha, kisha huiomba radhi. Mhusika anabaki bapa, naye ni msanii mwenyewe.

Njia ya pili huhamisha kicheko kutoka kinywani hadi sikioni. Ichukuliwe mfano wa kubuni. Basi limesimamishwa kizuizini. Askari anauliza, "Humu ndani Wakenya ni wangapi?" Mzee wa Kisomali anajibu, "Sote." Askari anakunja uso: "Hakuna kitu kama sote. Sema zote!" Mzee anatii: "Sawa afande, sisi zote." Mzaha huu umesimama juu ya ukweli wa kiisimu uliotajwa hapo juu. Askari amezoea kwamba Msomali husema sote akikusudia zote. Kwa hiyo, asikiapo umbo lililo sanifu kabisa, hulidhani kosa. Anayekijua Kiswahili ni mzee. Anayechujwa ni askari. Wala askari hatukanwi: ujinga wake ni wa watu wengi ukumbini, ambao nao wamezoea kusema "sisi wote", na kicheko chao kinawarudia. Hivyo ndivyo utani unavyofanya kazi. Wajibu nao umo, kwa kuwa jibu la mzee linawahesabu abiria wote kuwa wa nchi moja, askari akitaka asitake.

Yaweza kupingwa kwamba madai haya yanamtwisha msanii kazi ya wanasiasa. Kwamba mchekeshaji hadaiwi zaidi ya kuchekesha. Pingamizi hili lina uzito, hasa kwa wanawake wa Kisomali wanaothubutu kupanda jukwaani, ambao huulizwa na jamaa zao kuhusu stara kabla ya kuulizwa na yeyote kuhusu sanaa. Kuwadai pia wapatanishe taifa ni kuwaonea. Hata hivyo kinachodaiwa hapa si mahubiri. Ni ufundi. Mzaha wa sote ni bora kuliko mzaha wa bomu kwa sababu zilezile zinazoufanya mchezo mmoja uwe bora kuliko mwingine: umejengwa, una mgeuko, na wahusika wake wawili ni watu. Wala ufundi huo si mgeni kwa Wasomali. Tamthilia ya Hassan Sheikh Mumin, Shabeelnaagood, iliyochapishwa pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1974, inatumia mzaha kumfichua laghai wa wanawake. Na katika ushairi wao kumjibu mshairi kwa shairi ni mila ya tangu kale. Watu waliozoea kujibizana kwa ubeti hawahitaji kufundishwa kurudisha neno. Wanahitaji ukumbi utakaowasikiliza.

Wahakiki nao wana wajibu. Kazi hizi hazina matini yaliyochapishwa. Zimo katika kanda za televisheni na vumbukumbu vya wasikilizaji, na zisiponukuliwa kwa hati ya kifonetiki na kuchambuliwa zitapotea kama zilivyopotea nyingi za Wanjau. Mhakiki atakayezikusanya hana budi kuuliza, kwa kila mzaha wa lafudhi, maswali mawili: nani amebaki kuwa kichekesho baada ya kicheko kwisha, na je, anaweza kujibu? Mzee Ojwang' aliyapita maswali hayo kwa sababu wote waliokuwa pamoja naye waliweza kujibu.

Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza huko Wajir kuondolewa kwa mchujo wa ziada waliokuwa wakifanyiwa watu wa eneo hilo walipoomba vitambulisho. Amri huweza kufuta fomu kwa siku moja. Haiwezi kulifuta sikio lililofundishwa kwa miaka sitini kuisikia besa na kushuku. Sikio hilo lina njia ya kufikiwa, nayo ni ukumbi ambamo mwenye besa ndiye ashikaye kipaza sauti.